Gidioni Mhunzi na Jembe Lisilo na Mpini

Baba Paroko, ndugu wafiwa, majirani wa Murusagamba, nanyi mliopewa ruhusa ya kutoka kambi ya wakimbizi ili mje kuzika pamoja nasi, mimi ni Derick, mtoto wa dada yake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mjomba wetu. Mjane wake, mama Niragira, ameniagiza nisome yote bila kupunguza, maana mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe ndicho hiki.

Marehemu Gidioni alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa hapa Murusagamba, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa pili wa mzee Matiasi mhunzi, akaanza shule ya misheni mwaka 1950, akaishia darasa la nne mwaka 1953, si kwa uzito wa kichwa, bali baba yake alikosa mtu wa kuvuta mivukuto, na wenzake wakamtania maisha yake yote kwamba yeye alihitimu shule ya moshi.

Kazi alirithi pamoja na desturi yake. Mhunzi wa kwetu huuza chuma kitupu, mnunuzi hukata mpini kwake kwa kipimo cha mkono wake, na mpaka mpini huo uingie kwenye jembe, biashara haijaisha, hata kama malipo yamekwisha kutolewa na pombe imekwisha kunywewa.

Tarehe 16 Mei 1964 alifunga ndoa na Niragira, binti wa kilima cha ng'ambo ya pili, nchini Burundi, na sehemu ya mahari ilikuwa majembe aliyoyafua mwenyewe, ambayo shemeji yake Niyibizi, kijana wakati huo, aliyakatia mipini yote kwa furaha, na tangu siku hiyo wawili hao wakawa chanda na pete. Mungu aliwajalia watoto watatu, Odeta mwaka 1965, Anatory mwaka 1968 na Diane mwaka 1973, wote wapo hapa.

Mwaka 1988 tulitangaziwa kwamba nchi mbili zimekubaliana biashara huria, kwamba siku za soko la mpakani mazao na zana za mkulima zitapita bila ushuru na bila kufunguliwa mizigo, na hakuna aliyefurahi kumzidi mjomba, kwa kuwa miaka yote alikuwa akipenyeza majembe yake bondeni kama mwizi wa kuku. Niyibizi akawa muuzaji wake upande wa pili, maharage na chumvi vikaja huku, chuma kikaenda kule, nasi tukaona serikali nazo zimejifunza kuoana.

Agosti 1993 alikuja mfanyabiashara mmoja wa ng'ambo, akaagiza mapanga mengi, tena akataka yatiwe mipini kabisa. Hapo ndipo mjomba alipokosea, na alijua anakosea, maana mkulima gani anashindwa kukata mpini wake mwenyewe? Lakini mtu yule alilipa vizuri, panga ni zana ya shamba, mkataba unaruhusu, mpakani hakuna aliyeuliza, basi naye hakuuliza. Tamaa mbele, mauti nyuma. Alikata mipini kwa mkono wake, akafunga mzigo wa kwanza, ukavuka mchana kweupe.

Vita vilipowaka huko Burundi Oktoba, kilima cha wakwe zake kilivamiwa tarehe 25, Jumatatu asubuhi. Baba mkwe alikatwa akiwa ameketi kwenye kigoda, mama mkwe alikatwa mlangoni akimkinga mumewe, na Uwimana, mke wa Niyibizi, alifukuzwa mpaka ndani ya migomba, akauawa huko pamoja na mimba yake. Niyibizi alivuka mpaka bega likiwa limepasuliwa hadi mfupa unaonekana, mkononi ana panga aliloliokota mgombani, akaingia kiwandani kwa mjomba, akaliweka juu ya fuawe bila salamu.

"Shemeji," alisema, "mpini huu ni wa mkono wako."

Akatoka, akaenda kulala na wakimbizi wenzake, na hakukanyaga tena mji huu.

Tarehe 6 Novemba 1993 watu wa yule mfanyabiashara walikuja kuchukua mzigo wa pili, mjomba akawaambia hakuna mzigo, akachana ngozi ya mivukuto mbele yao ili wajue hautakuwepo kamwe. Walimlaza mkono wa kuume juu ya fuawe, wakaukata kwa panga alilolifua yeye. Yowe lilipigwa, majirani mkatoka na mikuki, mmoja wa wavamizi hao akafia pale penye kisima, na sitajifanya kwamba tulimlilia. Niragira, aliyezikosa hata maiti za wazazi wake, ndiye aliyemfunga mumewe kigutu kwa kitenge chake, akatembea kando ya machela hadi hospitali.

Miaka iliyofuata mnaijua, jinsi watu walivyomiminika, vilima vikabaki vipara kwa kuni na soko likafa. Mjomba alijifunza nyundo kwa mkono wa kushoto, mkewe akivuta mivukuto mipya na kushika koleo, akaungua mara nyingi, mpaka mwaka 1995 mjomba akatoa jembe moja lililonyooka. Alimtuma Niragira ampelekee kaka yake kambini Lukole, likiwa tupu, kama desturi inavyotaka. Niyibizi alilipokea, akalisukumia chini ya kitanda, na kila Niragira aliporudi kutoka kambini mjomba aliuliza jambo moja tu, kama shemeji amekata mpini.

Kifua kilimshika Julai mwaka huu, akalazwa mara mbili, na Alhamisi tarehe 14 Novemba 1996, saa tatu asubuhi, aliuliza tena, akajibiwa bado, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliochimba kaburi, wahunzi wenzake wa Kanazi na Mbuba waliozima moto wao leo kwa heshima yake, na Baba Paroko.

Nilikuwa nimeandika kuishia hapo. Lakini asubuhi ya leo Niyibizi amefika mlangoni na jembe lile begani, lina mpini mbichi, bado unatoa maji, na dada yake alipoanza kulia kwa shukrani alimzuia.

"Sijasema nimemsamehe, dada. Nimekuja kumzika."

Kwa hiyo familia imeamua kwamba udongo wa kwanza utarudishwa kwa jembe hilo, kwa mkono wa Niyibizi. Mjomba Gidioni, shemeji yako amekata mpini. Lala sasa, upumzike kwa amani.