Pepo wa Hoteli Waliyemzamisha Ziwani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na pua hii iliyokunywa ziwa! Mchana kweupe, Nabii Onesimo alinishika shingo akanizamisha kichwa, watu wakiimba na kupiga makofi. Kila nikiinuka kuvuta hewa anapiga kelele: "Toka, muzungu! Rudi kaburini kwako!" Muzungu, mimi? Mimi Mama Fidelia, muzaliwa wa Minago!

Wacha niwaambie ilivyoanza. Ziwa lilipopanda lilikula nyumba yangu na kiwanja nilichoanikia muhogo. Ile hoteli ya zamani ufukweni ikabaki tupu, chini maji, lakini juu baraza iko kavu, saruji nzuri. Tarisisi, zamu anayeilinda, alinikubalia nianike na kutwanga huko. Kila wiki nilimuachia beseni ya unga. Alikula, akanenepa!

Sasa, mwenye kutwanga muhogo mukavu anatoka vipi? Mweupe! Nywele, uso, mikono. Wavuvi wakaniona toka mitumbwini, wakasema ni pepo wa mke wa kizungu wa mwenye hoteli, aliyekufa zamani. Habari ikafika mpaka kijiji cha Gatete, kwa Nabii Onesimo. Nabii akaja na kundi lake, wakanikokota ngazini na mutwangio mkononi. Nikamuita Tarisisi: "Baba, waambie mimi ni nani!" Akatazama viatu vyake.

Aliyenitoa majini ni Mama Zaina, Muislamu, muuza ndagala, vile visamaki vidogo vya ziwa. Aliingia na nguo zake zote, akamchapa Nabii kwa ungo.

"Wajinga nyie! Pepo gani anatwangaka muhogo? Huyu jana alinipimia unga, akanipunja!"

Watu wakacheka, Nabii akaniachia. Murakoze, asante, Mungu wangu, uliyemtuma!

Lakini mpaka leo unga wangu hauna munuzi. Watoto wananiita Madamu Pepo. Na Onesimo anazunguka Kabezi akitangaza kwamba alimfukuza muzungu wa hoteli! Alimfukuza nani?

Ndugu zangu, mutegemeeni Mungu. Nilimuita nikiwa sina pumzi, akasikia, akaokoa kwa mkono wa mama asiyesali na sisi. Muiteni na nyinyi.

Lakini Tarisisi, nakuona, benchi ya tatu. Onesimo hakunijua. Wewe ulinijua. Neno moja tu, "Ni Mama Fidelia," lingetosha. Kwa nini ulinyamaza? Simama ujibu mbele ya kanisa. Mimi sikai mpaka ujibu.