Doña Herminda na Jina Lililokataliwa na Mji Mzima

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu. Leo tunamkumbuka Doña Herminda Socha, mwoka mikate wa mji wetu wa Peñas Altas. Ametutoka Jumanne, akiwa na miaka themanini na moja. Mwoka mikate, ndiyo. Lakini sisi mashabiki wa baiskeli tulimjua kwa utabiri wake.

Kila mwaka, kabla ya mashindano ya baiskeli ya kuzunguka nchi kwa hatua, siku baada ya siku, karatasi kubwa ilibandikwa ukutani dukani kwake. Kila shabiki aliandika jina la mshindi wake, mbele ya watu. Herminda hakusoma kurasa za michezo. Alikaa mlangoni, kwenye kona ya mwisho ya mlima, akiwatazama waendeshaji wakifanya mazoezi.

Mwaka ninaousimulia, mwanawe Anselmo alikuwa kiongozi wa timu. Mji mzima ukaandika Anselmo. Padri naye, Anselmo. Herminda akajifuta unga mikononi, akaandika: Wilder Pirazán. Wilder alikuwa msaidizi wa Anselmo, mtu wa kutangulia mbele yake ili kumkinga upepo.

Mzee Eliécer, mwenyekiti wetu wa mashabiki, akamuuliza, "Mama, umekosea jina au umekosea mtoto?"

"Sijakosea. Anselmo ana goti bovu. Juzi kapita hapa mara tatu, zote tatu mguu wa kushoto unaburuzwa na wa kulia."

"Kwa hiyo unamkana mwanao ukutani?"

"Simkani. Mimi nimemwona. Wewe umeona picha yake gazetini."

Wasikilizaji wapendwa, watu walinuna. Wiki mbili mikate ya Herminda ililala kabatini. Wengine walisema anamtakia mwanawe mabaya. Yeye aliendelea kuoka.

Ikafika siku ya mwisho, siku ya kupanda mlima wetu. Kwa jumla ya hatua zote, Anselmo alikuwa wa pili, Wilder wa tatu. Anselmo mwenyewe ametusimulia:

"Asubuhi ile nilimpigia simu kwa hasira. Nikamwambia, Mama, umeniaibisha. Yeye akauliza, 'Goti linauma vipi?' Nikalia. Hakuna mwingine aliyeniuliza. Hata daktari wa timu nilimficha."

Anselmo akakata simu, akaenda kwa kocha, akasema ukweli. Kisha akamwambia Wilder, "Leo wewe ndiye utakayekaa nyuma yangu."

Kilomita kumi na mbili Anselmo alimvuta mwenzake, upepo wote ukimpiga yeye. Goti likagoma. Akashuka. Wilder akaenda peke yake, akashinda hatua ya siku ile, akashinda na mashindano.

Dakika ishirini baadaye Anselmo akatokea kwenye kona ya duka la mama yake, anatembea akisukuma baiskeli. Herminda akaanza kupiga makofi, peke yake. Mzee Eliécer akavua kofia, naye akapiga. Kisha mji mzima.

Jioni Eliécer akamwambia, "Haya mama, jisifu. Ulitabiri sawasawa."

Herminda akamjibu, "Nilijua Wilder atashinda. Sikujua kwamba Anselmo ndiye atakayemshindisha. Hilo lilinipita." Akamimina maji ya moto ya sukari guru, akampelekea mwanawe kitini.

Tunawapa pole Anselmo, wajukuu, na Wilder Pirazán, aliyebeba jeneza jana. Mungu amlaze mama yetu pema.

Na wewe unayenisikiliza, huenda yuko mtu wako anayeshangiliwa na wote huku anachechemea. Leo, muulize anaumia wapi.