Gari la Masatu Halipati Joto

Benchi la kahawa la Tabitha, kandokando ya soko pale Musoma, hujaa hata kabla birika halijachemka, maana watu wake huja na maneno yao tayari. Jumamosi hii walikuwa na la kusema kweli. Gari la Masatu lilisimama mbele yao, boneti juu, likinguruma nusu saa nzima, na mshale wa joto ulikuwa umelala chini vilevile. Masatu mwenyewe alikuwa na suti mwilini tayari. Saa nne alitakiwa awe Butiama na wazee watano, kumposea mwanawe Danford. Safari ya kwanza, mwezi wa nne, gari lilichemka njiani, wakafika jua linazama, wakwe wakawarudisha bila hata kuwapa viti. Wakichelewa tena, uchumba umekwisha, na gari lenye mshale uliolala Masatu hakuthubutu kuliamini.

— Hiyo injini ya Japani, alianza Ryoba, anayeitwa Injinia tangu siku aliyomshikia fundi tochi. Ilizoeaga barafu. Ikiona ziwa inadhani iko kwao, inatulia.

— Iko hapa miaka sita! alisema Masatu.

— Na wewe ukikaa Dodoma miaka sita, utasahau kwenu Mugango?

Eliud, ambaye kijiwe humwita Utabiri kwa kusoma hali ya hewa kwenye simu, alikuwa ameshanyanyua kidole.

— Ni upepo wa ziwani. Unaingia kwa mbele, unapoza kila kitu. Geuza gari iangalie mlimani.

Masatu, na umri wake wote, akaligeuza. Mshale haukutikisika.

— Basi ni petroli! Ryoba alipandisha sauti mpaka wauza nyanya wakasogea. Wamechanganya na maji ya ziwa. Nilikuwaga Suguti, boti moja ikagoma kuwaka. Kufungua tangi, samaki furu wawili!

— Wamekufa? aliuliza Eliud.

— Wanaogelea!

Masatu alijua kabisa kwamba ni uongo. Hata hivyo alienda kunusa tangi, akarudi na aibu yake.

— Mie naona gari inaogopa wakwe, alisema Tabitha akimimina kahawa.

Kijiwe kizima kikaangua kicheko, isipokuwa mwenye gari. Saa mbili ilikuwa imeshapita, na Ryoba alikuwa amevua shati, spana mkononi.

— Tufungue kichwa cha injini. Dakika ishirini tu.

Masatu alikuwa anafungua mdomo kukubali, Mungu amsamehe, ndipo mwanamke mmoja akaweka kikombe chini. Hawakuwa wanamjua. Alisema anaitwa Judith, dereva wa basi la shule huko Bunda.

— Samahani kaka zangu. Thamostati ipo?

— Tuliitoa! Ryoba alijibu kwa fahari. Mimi na Masatu, kesho yake baada ya gari kuchemka. Kale kachuma kanazibaga maji. Ni ka nchi za baridi, huku kwetu ka nini?

— Ndiyo sababu injini inachelewa kupata joto. Kanazuia maji kwanza mpaka ipate moto, halafu kanayaachia. Rudisheni, lakini leo hilo halitawakwamisha.

— Asante Yesu, alisema Masatu.

— Na ile siku, ni nini kilichemsha gari? aliuliza Judith.

Utabiri alifungua simu, akaifunga. Miezi yote hii gari liliishia sokoni na kurudi, nao walikuwa wanajisifu kwa kukitoa kile kichuma, na hakuna aliyewahi kuinama kutafuta ugonjwa wenyewe. Na Masatu alikuwa karibu kuwapakia wazee watano kwenye gari hilo bovu.

Judith akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya rejeta. Ulitoka umelowa.

— Mpira wa maji wa chini, umepasuka kwa nyuma. Duka la spea limefunguliwa?

Ryoba alikuwa ameshatimka, kifua wazi, akipiga kelele apishwe njia.

Hata saa tatu haijagonga, mpira mpya ulikuwa umefungwa, maji yamejazwa na wazee wamebanana viti vya nyuma. Masatu alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

— Dada, leo una kazi?

— Jumamosi? Shule zimefungwa.

— Basi twende wote Butiama. Wazee watano na shangazi mmoja.

— Shangazi wa nani? Hata kijana mwenyewe simjui jina!

— Danford, alisema Masatu, akimfungulia mlango wa mbele.