Chupa ya Chai Isiyo na Chai

Basi lilikwenda polepole kwenye manyunyu, na fundi cherehani alikuwa ameshaanza kuota aliposikia bibi wa kiti cha mbele akimwambia bwana aliyeketi naye, aliyepakata chupa ya chai, "Mwanangu, nimiminie hata funda moja."

"Samahani, mama, hii si chai. Ni vifuko vya mayai vya ng'ombe waliochinjwa leo. Nawahi maabara kabla havijapoa. Tukiyatoa mayai tunayarutubisha, kisha ng'ombe wengine wanabeba mimba."

Fundi akafumbua jicho moja. Naye alikuwa akiimezea mate chai hiyo tangu walipoondoka.

Bibi akaitazama chupa. "Wangu nimempeleka machinjioni alfajiri, baada ya kuvunjika mguu. Mwekundu, ana baka jeupe begani. Yumo humo?"

"Huenda yumo. Ila tunawachanganya wote, mama. Hatuandiki nani ni nani."

"Sasa ndama wake nitamjuaje?"

"Hutamjua."

"Nitamjua. Mama yake hakutoa maziwa bila kuimbiwa."

"Hilo halirithiwi, mama."

"Wewe umewahi kuwaimbia?"

Bibi akaweka kiganja juu ya kifuniko cha chupa, akashtuka kidogo kwa vuguvugu lake, kisha akaanza kuimba chinichini, kama mtu aliyechuchumaa na ndoo zizini.

Basi likasimama. "Maabara!" kondakta akaita, akaita tena. Bwana aliyekuwa anawahi hakuinuka mpaka wimbo ulipokwisha.