Kicheko cha Mke Wangu Kwenye Diski

Ndugu zangu, nimesimama, lakini mkiona nimekaa katikati ya maneno, niacheni nikae.

Wengi mlimjua mke wangu kwa redio. Alitangaza kipindi cha wakulima, jioni, kwa Kikamba. Mimi ni fundi wa seva, zile kompyuta za kurusha vipindi, hapo hapo redioni. Alipotuacha, vipindi vyake vyote vilibaki kwenye diski ambazo seva zetu hutumia pamoja. Kila nikifika kazini nilivaa hedifoni, nikamsikiliza kidogo, ndipo nikaanza kazi. Hakuna aliyejua.

Kutoka seva hadi kwenye diski kulikuwa na waya mbili, ili moja ikikatika nyingine ibebe. Nilijaribu. Nikachomoa ya kwanza, redio ikaendelea. Nikairudisha, nikachomoa ya pili, ikaendelea. Lakini zote mbili zilipitia swichi moja, kile kisanduku cha kuunganisha waya, na kuzima swichi hakuna aliyefikiria. Si mnajua barabara zetu mbili za sokoni, zote zinavuka mto ule ule? Mto ukijaa, uko na barabara ngapi?

Mvua ya kwanza ilikuja na radi. Swichi ikaungua nikiwa katikati ya kuhamisha vipindi vyake kwenda diski mpya, na faili zikaharibika. Nakala nyingine haikuwepo, sote tulidhani njia mbili zinatosha. Nawaambia ukweli, hata siku ya mazishi sikulia vile nililia siku hiyo. Nikaacha kwenda kazini, nikazima simu, shamba likamea nyasi.

Asubuhi moja, mvua nyingine ikikaribia, nikasikia majembe. Walikuwa akina mama wa mwethya wa mke wangu, wale huchimbiana mitaro shamba kwa shamba, kwa zamu. Nikawaambia warudi, mwenye zamu ameshakufa. Mkubwa wao hakuacha hata kuchimba.

"Yeye alichimba kwetu sote," akasema. "Zamu yake haijafa."

Nikachukua jembe. Mama mmoja akaangalia mawingu, akasema, "Panda sasa, ukingoja tope..." akacheka kidogo, ndipo akamalizia, "...umechelewa." Ndugu zangu, hivyo ndivyo mke wangu alifunga kipindi, na hapo hapo ndipo alicheka. Nikamuuliza ametoa wapi kicheko hicho. Akashangaa, akasema kwao hata watoto husema na kucheka hivyo, walivyomsikia redioni. Nikakaa kwenye udongo nikalia, na wao wakaendelea kuchimba wakinizunguka.

Nilirudi kazini. Sasa kila waya ina swichi yake na umeme wake, na nakala zinakaa mji mwingine. Siku ya kujaribu nilizima swichi moja nzima kipindi cha wakulima kikiwa hewani. Mtangazaji mpya hakujua lolote.

Asanteni mama zangu, mlioketi hapo mbele. Zile faili hazikurudi. Somo langu ni dogo: usihesabu njia, uliza zinapitia wapi. Na sauti unayoipenda usiifungie peke yako.

Mwaka huu nilipanda kabla ya tope. Ndengu zimeota vizuri. Natamani angeziona.