Ukuta wa Namelok

Asubuhi hiyo ya Jumamosi, mwaka wa elfu mbili na nne, Munguti alifika kijiweni hapo Kitengela akakuta wenzake wameukodolea macho ukuta wa kinyozi. Kwa muda mrefu ukuta huo ulikuwa na picha za watu wa "Boma la Namelok," mchezo wa redio wa kila Alhamisi jioni. Aliyezichora ni Mutindi, dada yake Munguti. Watu wa redio hawana sura. Sura zilitoka kwa kichwa cha Mutindi, na mtaa mzima ukazikubali. Sasa ukuta ulikuwa chokaa tupu. Roble, muuza kahawa, alimmiminia Munguti kikombe bila kuulizwa.

— Shem, dada yako ametufanyia nini? akauliza Sironka, dalali wa ng'ombe waliyemwita Chairman. Munguti alikuwa Shem wa wote, maana wote walidai watamwoa Mutindi.

— Amepaka chokaa. Zaidi ya hapo sijui.

— Ameokoka, akasema Sironka. Hao wa kanisa la hema wamemwambia kuchora watu ni dhambi.

— Wapi! akadakia Khisa, fundi wa redio, aliyeitwa Profesa. Amenunuliwa huyo. Ile stesheni ingine haitaki tusikize Namelok. Wahenga walisema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

— Kweli kabisa, Sironka akaitikia. Hata kule Amboseli, tembo akizoea watu anamwaga tangi yote.

Roble alicheka mpaka birika likatikisika. Munguti hakucheka. Mwezi uliopita, kwenye mchezo, Namelok alifiwa na mume, naye Mutindi akamchora amenyolewa kichwa, macho yamevimba. Watu wakawaka. Namelok wetu ana nywele! Wengine wakasema amemfanya Mkamba kama yeye. Mtu akaimwagia picha oili chafu ya gari. Mutindi akaisafisha, akachora upya, wakamwaga tena. Sokoni akina mama walimshika mkono: punguza pua, mrudishie bwana yake.

— Lakini Chairman, wewe pia ulimkemea, Roble akasema.

— Mimi? Nilimwambia tu ampe nywele. Si ni Namelok wetu?

— Skizeni, maze, Khisa akainama kama mtu wa siri. Namelok yuko hai. Anaishi Rombo. Amekuja hapa, akajiona kipara, akamroga Mutindi mkono. Saa hii hawezi kushika brashi.

— Mkono wake uko sawa, Munguti akasema. Jana ametupa brashi zote kwa choo.

Munguti alitaka kuwaambia kwamba Alhamisi Mutindi aliizima redio kabla muziki wa mwanzo haujaisha, akaendelea kuosha sufuria kama aliyezima taa tu.

Hapo akaja mama mmoja wa makamo, shuka limejaa vumbi la safari. Sironka akamsalimia kwa Kimaasai:

— Takwenya, mama.

— Iko. Naitwa Nalotuesha, nimetoka Bisil. Nimeambiwa hapa kuna picha za wale watu wa redio. Nimekuja kuziona.

Roble akaelekeza kidole kwa chokaa. Mama akaangalia, akaangalia tena, kisha akakaa pembeni ya benchi.

— Na huyo mchoraji, yeye mwenyewe alikuwa anapenda nani kwa huo mchezo?

Sironka akamwangalia Khisa. Khisa akamwangalia Munguti, na wote wakamngoja, maana ndiye wa damu. Munguti akafungua mdomo. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa naye kando ya redio moja, yeye akibishana kwa sauti, Mutindi ameinamia karatasi. Akatafuta jina hata moja. Hakupata.

— Kahawa imeisha, Roble akasema polepole, ingawa hakuna aliyekuwa ameomba.

Mchana Munguti alimkuta dada yake mlangoni akichagua maharagwe.

— Mutindi, kwa ule mchezo, wewe ulikuwa unampenda nani?

Vidole vyake vikasimama juu ya ungo. Alifikiria kwa muda mrefu, kwa uaminifu kabisa.

— Alikuwako mmoja, akasema. Saa hii hata simkumbuki.

Akaendelea kutoa mawe.