Kibakuli Kilichozunguka Ploti ya Nduta

Familia inawaomba mlio nyuma ya tenti msogee mbele, kwa maana Jael Mbula hakupenda mgeni akae mbali na sufuria, na hii ndiyo safari yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Mwala, Machakos, akiwa kifungua mimba wa watoto sita, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1977, akapita vizuri, ila karo ya sekondari ikakosekana. Mwaka 1983 alifunga ndoa na Nzomo, seremala, wakajaliwa Kaveke, Victor na Yvonne. Mwaka 1989 alifungua kibanda cha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa na maharagwe, pale Mashimoni, Kibera, wateja wakamfuata hadi kutoka mtaa wa Ayany, kwani muthokoi wa Mbula, jamani, haukuwa mchezo, na ole wako ubakishe kwenye sahani. Mwaka 1996 walihamia Kabiro, Kawangware, katika ploti ya vyumba vya kupanga ya Nduta, landiledi mkali wa mdomo, mwepesi wa huruma.

Februari 2019 alipatikana na saratani ya utumbo mkubwa, akapasuliwa tarehe 11 Juni, akarudi nyumbani na mfuko wa kupokelea choo tumboni, na daktari akasema wazi kwamba mfuko ungeondolewa akipata kilo za kutosha, si kabla. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu nguo zilimning'inia, chakula kilimchosha kwa kukitazama tu, na jamaa wa Mwala, kwa upendo, walimletea muthokoi wakamhimiza amalize sahani, naye aliyehimiza watu maisha yake yote angekataaje? Alimaliza, utumbo ukaziba, akalazwa tena, akatoka amekonda kuliko alivyoingia.

Nduta alipomwona alilia, kisha akakasirika, akaita wapangaji wote uani, akasema kwamba ikiwa mtaalamu wa lishe ameagiza chakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi, basi kila mlango utakuwa na zamu, na atakayeleta sahani kubwa atarudi nayo. Mbula aling'aka kwamba hataki kulishwa kama mtoto, Nduta akamjibu kwamba afadhali mtoto, ana adabu. Basi kibakuli kimoja cha bluu kikazunguka ploti, huku uji, kule yai, kwingine viazi vya kuponda, samaki aliyetolewa miiba, maziwa lala, na akishindwa kumaliza hakuna aliyenuna. Kilo zilirudi polepole, mashavu yakajaa, na tarehe 20 Februari 2020 mfuko ukaondolewa, ploti nzima ikapiga vigelegele.

Alirudi kibandani kwake Mashimoni, na baada ya miezi akaruhusiwa muthokoi, vijiko vichache, uliopikwa ukalainika, akala mbele ya wateja huku akicheka na kulia. Alifariki usingizini tarehe 3 Mei 2025 kwa ugonjwa wa moyo, saratani ikiwa haijarudi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mtaalamu wa lishe, wenzake wa vibandani, na nyinyi majirani wa Kabiro, ambao hatuna cha kuwalipa. Baada ya mazishi kuna chakula, na Mbula aliacha neno kwamba mtu asilazimishwe kumaliza sahani. Wanaouliza kibakuli, kiko kwa Nduta, kwani Ndegwa wa mlango wa mwisho alitoka upasuaji wa utumbo wiki jana, zamu inaanza kesho asubuhi, na mlango wa kwanza ni wa Mbula, atapika Yvonne.

Pumzika kwa amani, Mama, uji tutauangalia sisi.